Upande wa Kushoto wa Gauni

9 Februari

Dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana najua ukisoma umesimama huwa humalizi. Sisi huku tu wazima, na nikisema sisi nina maana ya mimi na saa ya ukutani. Binti yangu alikuja Jumapili na mumewe, wakanipangia upya kabati la jikoni, na tangu siku hiyo sijaiona chumvi. Paa halivuji isipokuwa pale pale. Ningepiga simu, lakini simu ya kwenu anaishika shemeji, na masikio yake unayajua. Mara ya mwisho nilimuuliza hali yako akaniambia mbao zimepanda.

Ni miezi mitano sasa tangu tumzike wifi yako. Watu wameacha kuniuliza naendeleaje. Ni nafuu. Bado nakuta vitu vyake. Juzi nimekuta kwenye droo mifuniko kumi na minne ya chupa ambazo hatuna. Nimeiacha ilipo. Nguo zake pia bado zipo, na sijui nizifanye nini. Niambie wewe uliyezishona.

Sasa neno lililoniketisha kuandika. Mimi bado nipo kwenye dirisha la kadi pale zahanati, na mwezi uliopita nilifanya jambo lisiloruhusiwa. Niliitoa kadi ya wifi yako nikaisoma yote. Daktari akanikuta.

"Mzee wa Kadi, hiyo ya nani?"

"Ya mke wangu."

Akaichukua, akaisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa. Miaka minane ya presha. Mara sitini na moja alikuja, mara sitini na moja mkono ulifungwa ile mashine, ikaandikwa namba, akapewa dawa, akarudi nyumbani.

"Hakuna aliyemuuliza jambo jingine lolote," daktari akasema.

"Presha yake ilikuwa nzuri," nikasema.

Wiki iliyofuata akatukusanya wote, hata mfagiaji. Akasema hakuna mwanamke anayesafiri mpaka hospitali kubwa kwenda kuulizia kitu kisichomuuma. Kwetu anakuja, kwa jino, kwa goti, kwa mtoto anayekohoa. Basi swali likae kwetu. Kila mwanamke aliyefika miaka arobaini, alichokuja nacho kikishatazamwa, ataulizwa kama ameona badiliko lolote kwenye matiti, na kama anapenda nesi amtazame hapo hapo nyuma ya pazia. Kazi yangu ni kubana kibanio cha kijani kwenye kadi ya kila ambaye hajaulizwa. Sasa makabati yangu yamekuwa kijani kama shamba.

Wewe una miaka hamsini na mitatu. Umewahi kutazamwa?

Nisalimie shemeji, kwa sauti.

Kaka yako


2 Machi

Kaka,

Nimeisoma nimekaa. Sisi tumeamka salama, asante kwa salamu, nimezifikisha na nadhani jirani wa tatu naye amezipokea. Shemeji yako ameunda kitanda cha mteja akasahau kupima mlango wa mteja. Kitanda kiko nje ya nyumba ya watu, kinasubiri mlango ukue. Mpwa wako, yule mkubwa, amepata kazi kwenye ghala, na mdogo bado anaitafuta akiwa amelala.

Mimi nashona sare za shule. Sketi mia mbili na kumi za aina moja, mpaka nikifumba macho naziona. Sindano za cherehani zinavunjika ovyo siku hizi, sijui wanazitengeneza kwa nini.

Kuhusu nguo za wifi: magauni ya kawaida mpe binti yako achague, yanayobaki wape wanaohitaji, usiyaache yakaliwa na nondo. Sweta la kahawia lina kiwiko kibovu, lifanye dasta. Lakini lile gauni la kijani la arusi ya binti yako usimpe mtu. Nitumie mimi kwa basi. Lifunge vizuri kwenye mfuko, usilikunje kifuani.

Chumvi itakuwa nyuma ya unga. Vijana huficha chumvi nyuma ya unga.

Dada yako


20 Machi

Dada yangu mpendwa,

Chumvi ilikuwa nyuma ya unga. Asante. Binti yangu amechukua magauni matatu na mkoba, akalia kidogo, akala, akaondoka. Mimi nimeanza kupika maharage na sasa nayaweza, ila napika mengi, kwa sababu mkono wangu bado unapima ya watu wawili. Siku ya pili nayala tena, nayasifu.

Nimeipitia barua yako mara tatu. Umejibu kuhusu nguo, umejibu kuhusu chumvi, ambayo sikuiuliza. Swali langu moja hukulijibu. Mtu aliyekaa dirishani miaka ishirini na sita anajua mgonjwa anaporuka swali. Basi nimekufungulia kadi. Najua unaishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa, na daktari ameniambia hivyo hivyo. Nimebana kibanio cha kijani.

Nikusimulie kidogo. Alikuja bibi mmoja amemleta mumewe mwenye kidonda. Nesi Mrefu akaitazama kadi. (Ni mfupi. Zamani tulikuwa na manesi wawili, na mwingine alikuwa mfupi zaidi. Akahama, jina likabaki.)

"Mgonjwa ni huyu," bibi akasema, akimwonyesha mumewe kama anaonyesha mzigo wake kwenye basi. "Mguu."

"Mguu tutausafisha, bibi. Na wewe, matiti yako yalitazamwa lini?"

"Yangu? Hayo yamestaafu, mwanangu."

"Hata wastaafu huitwa kuhakikiwa."

Mzee akadakia, "Nenda, mke wangu. Mimi sikimbii. Mguu wenyewe ndio huu."

Akaingia. Akatoka baada ya dakika kumi akijifunga kilemba, akasema kwa ile sauti ya watu wote kusikia, "Huyu mtoto ana mikono ya baridi!" Hakuwa na kitu. Ila wanawake wanne waliokuwa kwenye benchi wakauliza foleni ya mikono ya baridi inaanzia wapi.

Muuza mikate wa pale kona yeye alikuwa na kitu. Akaandikiwa rufaa kwenda hospitali kubwa. Daktari ameniambia mtu aliyepewa karatasi bado hajafika popote, kwa hiyo kadi yake haikurudi kabatini. Ilikaa mezani kwangu, mbele ya chai yangu. Wiki mbili zikapita hakuna jibu, nikampigia. Akasema karatasi ameiweka juu ya kabati, mahali salama. Nikamwambia salama kwa nani? Kesho yake akaenda. Anatibiwa.

Gauni nitalituma, lakini niambie unalitakia nini. Nilikuwa nimefikiria kubaki nalo. Alipendeza nalo kuliko bibi arusi, na bibi arusi mwenyewe alisema.

Kaka yako


6 Mei

Kaka,

Samahani kwa kuchelewa. Sare.

Wote wazima. Kitanda cha mteja kimekatwa vipande viwili kikaingia, sasa mume analala kipande chake na mke chake, na wanasema wamependa. Shemeji yako anadai ndivyo alivyokusudia.

Nimehamisha cherehani kutoka dirishani kwenda ukutani, kwa sababu kuvuta kitambaa kwa mkono wa kulia kunanichosha. Ni uzee. Mdogo wa wapwa zako ananisaidia kukata, anakata kama anamchukia mtu.

Mimi siumwi popote. Nakula, nalala, natembea mpaka sokoni na kurudi. Huko kutazamwa ni kwa wanaoumwa. Nitoe kwenye kabati lako.

Gauni hukulituma. Lina kazi kidogo ndani ambayo sikuimaliza vizuri. Ni jambo la fundi tu.

Dada yako


25 Mei

Dada yangu,

Natumaini mkono wa kulia umepumzika. Huku hali ni nzuri. Nimepaka rangi mlango wa mbele, rangi ambayo wifi yako aliinunua kabla hajaugua na mimi nikawa nasema kesho. Imekauka vibaya, lakini ipo.

Jana nililitoa lile gauni la kijani kabatini nikalitandaza juu ya meza. Sikutaka kukuchunguza, Dada. Nilitaka kulifunga nilitume. Nikakumbuka ulivyosema lisikunjwe kifuani, nikaingiza mkono kulinyoosha. Mimi si fundi, lakini kazi yako naijua tangu ulipokuwa unashona viraka vya kaptula zangu. Upande wa kulia mshono ni mmoja. Upande wa kushoto ni mitatu, mmoja juu ya mwingine, na chini ya bitana kuna kipande cha sponji ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kwa nje havionekani kabisa. Umeshona vizuri sana.

Sitakuuliza. Nitakwambia langu, kisha wewe utaona.

Mwaka juzi, wiki chache kabla ya arusi ile ile, ilikuja timu zahanati kwetu kwa siku moja, kutazama wanawake bure. Daktari aliyekuwepo wakati ule akatupa wafanyakazi karatasi tuwapelekee wake zetu. Nikaikunja nikaitia mfuko wa shati. Jioni nilikaa mezani na wifi yako, karatasi iko mfukoni, na nikashindwa. Nilikuwa nimeishi naye miaka ishirini na saba, tumezaa, tumezika wazee, na neno titi sikuweza kulitoa mdomoni mezani. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake akafua shati. Karatasi ikatoka imekuwa uji. Akanigombeza, "Wewe na makaratasi yako, umeniharibia nguo nyeupe zote!" Nikaomba radhi kwa ajili ya nguo nyeupe.

Siku ya timu ilipita. Ugonjwa ukajulikana Mei iliyofuata, na Septemba tukamzika. Sijamwambia mtu, hata binti yangu. Umejua wewe.

Gauni bado liko mezani. Nakula jikoni.

Kaka yako


30 Juni

Kaka,

Shemeji yako mzima, watoto wazima. Leo sitasema mengi juu yao.

Barua yako ninayo kwa mwezi mzima. Nimeanza kujibu mara nne. Nitaandika sasa bila kunyanyua kalamu.

Ninalo daftari la vipimo vya wateja wote. Wifi nilikuwa nampima kila mwaka. Alipokuja kwa gauni la arusi nikazungusha futi kifuani, na mstari haukukaa. Upande wa kushoto ulikuwa umebadilika. Ulikuwa umejivuta juu, na kwenye ngozi palikuwa na kishimo kidogo, kama pale kwenye mto wa kiti ambapo kifungo kimevutwa na uzi kutoka ndani. Nikamgusa pale kwa kidole. Nikamuuliza, "Wifi, hapa pana nini?" Akacheka akasema, "Nazeeka upande mmoja mmoja, ndugu yangu, huo mwingine utafuata." Nikacheka na mimi. Kisha nikafanya kazi yangu. Nikaingiza mshono, haukutosha, nikaingiza mwingine, nikaweka sponji. Alipolivaa akajigeuza mbele ya kioo, akaniambia, "Umenirudisha kuwa msichana." Nilifurahi. Nataka ujue hilo pia, kwamba nilifurahi.

Ilikuwa miezi kumi na moja kabla ya kujulikana. Watu mia tatu walimwona siku ile ya arusi na hakuna aliyeona, kwa sababu mimi nilificha, na mimi kuficha ndiyo kazi ninayoijua. Kila mwanamke huja kwangu na kitu cha kufichwa, tumbo, bega, nyonga. Sikufikiri kwamba kingine hakipaswi kufichwa.

Nililitaka gauni nifumue usije ukaona.

La pili. Mimi ninacho changu. Kiko upande wa kulia, ukubwa wa punje ya harage, hakiumi. Nilikigusa mwezi wa kwanza nikioga. Barua yako ya kwanza ilinikuta ninacho tayari. Mume wangu hajui. Usiniulize kwa nini siendi, maana jibu ninalo. Nitavuaje nguo mbele ya nesi nimwombe aniokoe na kitu ambacho kwa mwenzangu nilikishonea sponji?

Basi.


8 Julai

Dada,

Salamu baadaye.

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi, na sasa ni saa nne na nusu. Nimeomba ruhusa dirishani. Dereva wa basi la saa sita ni jamaa yangu, ataibeba hii mkononi, na wewe utaipata kesho. Usimlaumu kwa kuja mpaka mlangoni, nimemwagiza mimi.

Nimemuuliza Nesi Mrefu bila kutaja jina. Amesema kivimbe si lazima kiwe kitu kibaya, vingi si kitu. Amesema kisichouma ndicho hasa kinachotakiwa kutazamwa, kwa hiyo kuniandikia kwamba hakiumi si utetezi. Amesema usianze na hospitali kubwa, utapotea kwenye milango. Nenda zahanati ya mtaani kwako, hiyo hiyo unayopita ukienda sokoni. Watakutazama kwa mikono, kisha wao ndio watakuandikia uende wapi, kwa nani na siku gani.

Kuhusu gauni. Wewe ulikuwa na futi, mimi nilikuwa na karatasi, zahanati ilikuwa na siku sitini na moja, na yeye mwenyewe alikuwa na kioo. Sote tulimpenda. Sitaki kusikia kwamba wewe peke yako ndiye uliyekuwepo. Na kama unataka nikukasirikie, nitakukasirikia, lakini nahitaji uwe hai, kwa sababu nina umri wa miaka sitini na siwezi kuanza kumtafuta mtu mwingine wa kumkasirikia.

Nakujua utafika pale utasema jambo jingine. Hivyo nimeambatisha kikaratasi. Usikisome. Mpe nesi.

Kaka yako


(Kikaratasi kilichoambatishwa)

Kwa Nesi. Mwenye karatasi hii ni dada yangu, miaka hamsini na mitatu. Ana kivimbe titi la kulia tangu Januari. Wifi yake alikufa kwa saratani ya matiti, lakini hao si wa damu moja. Atakwambia amekuja kwa ajili ya macho. Usimsikilize. Ahsante kwa kazi. Karani wa kadi, zahanati nyingine.


24 Agosti

Kaka,

Habari za huko? Sisi huku tupo, na nikisema tupo nina mengi ya kueleza.

Dereva wako aligonga mlango nikiwa na sindano mdomoni. Kikaratasi nilikisoma, bila shaka. Nikakasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaenda.

Nesi wa kwetu ni mama mmoja mnene ambaye nimemshonea mara nyingi na sikuwahi kujua kazi yake anaifanya vipi. Akaniuliza, "Fundi, leo una shida gani?" Nikamwambia, "Macho. Uzi siuoni vizuri." Nikajisikia nikisema, Kaka, na mkono wangu ukiwa umeshika karatasi. Nikampa. Akasoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Macho tutayatazama," akasema. "Kaka yako ni mtu wa kazi."

"Ni mtu wa kuingilia mambo."

"Ndiyo hiyo hiyo. Panda kitandani."

Akafunga pazia. Alinitazama kwanza bila kugusa, mikono chini, mikono juu, kisha akatumia vidole vitatu, polepole, kama ninavyopapasa kitambaa kutafuta pindo lilipoishia. Pande zote mbili, na kwapani. Alipofika pale akakaa. Hakunidanganya wala hakunitisha. Akasema, "Nimekipata. Umefanya vizuri kuja. Mimi siwezi kukwambia ni nini, ila najua wa kukwambia." Nikalia hapo kitandani, nikamwambia yote, gauni, sponji, yote. Aliniacha nikamaliza. Akasema, "Wewe ni fundi. Sisi ndio tulisoma kutazama matiti, na wengi wetu hatuulizi." Akaandika rufaa, akapiga simu hospitali mbele yangu akataja siku. Alichukua namba ya mpwa wako, si ya shemeji yako. Sijui alijuaje.

Hospitali walinipaka mafuta baridi wakapitisha kile kifaa chao, kisha wakachukua kinyama kidogo kwa sindano. Wiki tatu za kusubiri. Nikashona sare mpaka shule ikasema zimezidi.

Shemeji yako ilibidi nimwambie. Nilifunga mlango, nikafunga madirisha, nikamwambia. Akasema, "Nini?" Nikasema tena. "Viti?" Nikasema kwa nguvu zangu zote. Jirani akasema juu ya ukuta, "Pole sana, Fundi." Shemeji yako alikaa chini kwenye sakafu, mtu mzima yule, akashika mguu wangu na hakuuachia mpaka chai ikapoa. Siku tatu zilizofuata, wanawake sita wa mtaani walipita kwangu, wamejifanya wanaulizia vitambaa. Wote nimewatuma kwa yule nesi. Mmoja nilipima kifua chake kwanza, nikamwambia, nguo yako sishoni mpaka urudi kutoka kule. Alinuna akaenda.

Majibu yametoka Jumatano. Ni saratani. Ni ndogo, na daktari amesema haijafika kwapani kwa wanavyoona, na titi lenyewe huenda hawataliondoa lote. Baada ya hapo kuna mionzi. Aliniambia, ningekaa mwaka mwingine tungezungumza mazungumzo mengine. Nilimjua aliyezungumza mazungumzo hayo.

Wananipasua tarehe tatu Septemba, Jumanne.

Barua hii usiijibu. Panda basi.

Dada yako


3 Septemba, saa tisa alasiri, kwenye benchi nje ya wodi

Dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umelala, na kwa mara ya kwanza nakuruhusu. Inakuja kutoka mwendo wa hatua kumi na mbili, nimezipima. Wamesema ndugu wasiingie mpaka uwe umeamka vizuri, na mhudumu amekubali kukuwekea hii chini ya glasi ya maji.

Habari za familia: shemeji yupo hapa pembeni yangu, amevaa koti. Tangu asubuhi ananiuliza wamesemaje, na kila nikimjibu anasema "nini," kwa hiyo korido nzima sasa inafuatilia hali yako. Wapwa wameenda kutafuta chai. Binti yangu anakusalimu, na nilimweleza juu ya karatasi iliyofuliwa. Akasema aliona mshono wa gauni siku ile ya arusi alipomfunga mama yake zipu, akadhani ni mtindo. Kwa hiyo na yeye alikuwepo. Keshokutwa ana siku yake kwa Nesi Mrefu, ingawa hajafika arobaini, kwa sababu ya mama yake. Ndivyo wanavyofanya.

Nimekaa hapa tangu saa moja. Nilikaa kwenye benchi kama hili mwaka jana na sikuandika kitu. Sikuwa na wa kumwandikia, uliyekuwa wa kuandikiwa ulikuwa umekaa pembeni yangu umenishika mkono.

Ukiamka, niandikie.

Kaka yako


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa kalamu ya risasi)

Kaka,

Nimeamka. Kifua kinauma, kichwa kizito, mwandiko huu usiutazame. Daktari amepita. Wamekitoa, kingo za walipokata ni safi kwa wanavyoona kwa macho, jibu kamili wiki mbili. Titi lipo, kasoro kipande. Nesi wa mtaani kwetu amepiga simu wodini mara mbili kuuliza kama nimefika.

Mhudumu anasema nipumzike kwanza, wageni baadaye kidogo. Nimemwambia ndiyo. Sasa ametoka kwa mlango wa nyuma.

Naona viatu vyako chini ya pazia la mlango, umesimama hapo kama mtu aliyesahau alichojia. Ingia.